Mkataa Kwao: Maisha ya Henry Morton Stanley na Daftari la Nyumba ya Maskini

Utangulizi

Henry Morton Stanley ni jina lisilo geni kwa yeyote aliyepitia somo la historia katika shule za Afrika Mashariki. Hutajwa pamoja na David Livingstone, mji wa Ujiji na mto Kongo, kisha mwalimu akasonga mbele kwenye mada nyingine. Yasiyotajwa sana ni kwamba jina hilo halikuwa lake la kuzaliwa, kwamba Marekani aliyodai kuwa kwao haikuwa kwao, na kwamba kwa miaka tisa ya utoto wake alilelewa kwa kodi za umma katika jumba la mafukara huko Wales. Makala haya yanakusudia kuyafuatilia maisha yake kwa kuanzia na swali moja la msingi: mtu huyu alizaliwa wapi, na baina yake na kwao, ni nani aliyetangulia kumkana mwenzake?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu tunaotoka Bungoma na Kitale. Katika jamii ya Wabukusu wa Bungoma, mtu hajulikani kwa jina lake tu. Huulizwa ukoo wa babake, kisha huulizwa ukoo wa mamake. Kijana anapokaribia kutahiriwa, katika mwezi wa Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, hana budi kwenda kwa wajomba wake. Huko huchinjiwa fahali na kuvishwa luliki, yaani ukanda wa nyama ya fahali huyo, uwe ushahidi kwamba upande wa mama unamtambua. Baada ya hapo huingia katika mojawapo ya marika manane yanayozunguka kwa takriban karne moja, na kupitia rika hilo wajukuu wake wataweza kukadiria aliishi lini, hata kama hapana karatasi yoyote iliyoandikwa.

Kitale ina historia tofauti kidogo. Mashamba ya Trans Nzoia yalipogawiwa walowezi wa Kizungu, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walifika huko vibarua na maskwota kutoka pande nyingi. Kwa wengi wao, karatasi ya kwanza kubeba majina yao ilikuwa kipande, kile cheti kilichotiwa ndani ya kikebe na kuning'inizwa shingoni. Kipande kilibuniwa ili mwajiri na polisi waweze kumdhibiti Mwafrika. Hata hivyo, mjukuu anayetafuta asili ya babu yake hukishika kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mara nyingi ndicho pekee kilichosalia. Kwa hiyo tunaifahamu hali hii ya kuwatafuta wazee wetu ndani ya nyaraka zilizoandikwa na watu wasiowapenda. Maisha ya Stanley yanatupa mfano wa hali hiyohiyo kutoka upande ambao hatukuutarajia.

Kuzaliwa kwake

Mtoto aliyekuja kuitwa Stanley alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, kaskazini mwa Wales. Mwezi uliofuata alibatizwa katika kanisa la Mtakatifu Hilary mjini humo kwa jina la John Rowlands. Mwandishi wa daftari la ubatizo hakuishia kwenye jina. Aliongeza neno la kumtambulisha kuwa mwana wa haramu, na neno hilo likabaki mle kitabuni.

Mamake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana wa miaka 18 hivi ambaye hakuwa ameolewa. Baba aliyetajwa alikuwa mtu wa eneo hilo aliyeitwa pia John Rowlands, ingawa baadhi ya watafiti wamemshuku wakili mmoja wa Denbigh, James Vaughan Horne. Kwa vyovyote vile, hakuna mwanamume aliyejitokeza kumlea mtoto huyo. Mama naye hakukaa naye. Aliondoka kwenda kutafuta kazi London na kumwacha mtoto mikononi mwa babu yake mzaa mama, mzee Moses Parry, aliyekuwa mchinjaji nyama.

Kwa kuwa alikulia katika nyumba ya maskini, ni rahisi kudhani kwamba Stanley alizaliwa humo. Katika Uingereza na Wales za karne ya 19, wanawake wengi wasio na waume wala fedha walijifungulia katika nyumba hizo, na hadi leo watu wanaotafuta asili ya koo zao katika nchi hizo huanza kwa kupekua madaftari yake. Kwa Stanley, nyaraka zinatoa jibu tofauti. Daftari la ubatizo linamweka Denbigh mwaka 1841. Daftari la nyumba ya maskini linamweka St Asaph mwaka 1847. Kati ya tarehe hizo mbili mna miaka sita, na katika miaka hiyo sita ndimo tunamopata jibu la nani aliyemkana nani.

Wajomba na safari ya kwenda St Asaph

Mzee Moses Parry alimpenda mjukuu wake. Laiti angeishi, huenda historia ya Afrika ya Kati ingeandikwa kwa namna nyingine. Mwaka 1846 mzee huyo alianguka shambani ghafla akafa, na mtoto, akiwa na umri wa miaka mitano, akabaki chini ya mamlaka ya wajomba zake.

Wajomba hawa walikuwa na uwezo wa kumtunza, lakini hawakutaka kuishi naye. Walimpeleka kwa wazee wawili wa familia ya Price na kukubali kuwalipa shilingi mbili na nusu kila juma kwa ajili ya malezi yake. Baada ya miezi kadhaa, wazee hao walipodai nyongeza, wajomba walikataa. Tarehe 20 Februari 1847 kijana wa familia hiyo, Dick Price, alimchukua mtoto kwa safari ya miguu, akimbeba mabegani pale alipochoka. Alimwambia kwamba wanakwenda kwa shangazi yake, Mary, huko Ffynnon Beuno. Walipofika mbele ya jengo kubwa la mawe, Dick alivuta kengele ya lango, akamkabidhi mtoto kwa mtu aliyefungua, kisha akaenda zake. Jengo hilo lilikuwa nyumba ya maskini ya St Asaph.

Msomaji wa Bungoma hawezi kulipita tukio hili bila kutua. Mjomba, ambaye kwa desturi zetu ndiye anayempa kijana fahali na kumtangaza mbele ya watu kuwa wa damu yake, hapa ndiye aliyezuia shilingi mbili na nusu. Stanley mwenyewe, alipoandika habari za maisha yake katika uzee, alilieleza tukio la langoni kwa uchungu ambao nusu karne haikuufuta. Hakusahau kwamba alidanganywa, na inaelekea hakumwamini mtu kikamilifu tangu siku ile.

Maisha ndani ya nyumba ya maskini

Nyumba hizi zilienea kufuatia sheria ya mwaka 1834 iliyobadilisha namna ya kuwasaidia maskini nchini Uingereza na Wales. Kabla ya hapo, fukara aliweza kupewa msaada akiwa kwake. Sheria mpya ilinuia kwamba anayetaka msaada aingie ndani ya jumba, avae sare, ale chakula kilichopimwa na afanye kazi aliyopangiwa. Wanaume walitengwa na wanawake, na wazazi walitengwa na watoto wao. Lengo halikufichwa: maisha ya ndani yawe magumu kiasi kwamba hakuna atakayeyataka ila aliyeshindwa kabisa. Sheria hiyohiyo ilimtwisha mama mzigo wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na kumpunguzia baba wajibu.

Watoto wa St Asaph waliamshwa alfajiri na kufungiwa mabwenini jioni. Mwalimu wao, James Francis, alikuwa mtu aliyepoteza mkono mmoja katika kazi ya machimbo ya makaa ya mawe, na Stanley alimkumbuka kama mtu katili mwenye fimbo isiyopumzika. Hata hivyo, humo ndimo Rowlands alimojifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na kuchora ramani. Alikuwa mwanafunzi hodari, na askofu wa St Asaph alimtunuku Biblia kwa bidii yake. Humo pia ndimo Kiingereza kilimozidi kuisukuma kando lugha yake ya kwanza, Kiwelisi. Sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kulizingatia jambo hili. Kabla ya kulipoteza jina, mtoto huyu alikuwa ameanza kuipoteza lugha ya mamake.

Tukio moja la wakati huo linastahili kutajwa. Alipokuwa na umri wa miaka tisa au kumi, aliitwa na kuonyeshwa mwanamke aliyeingia katika nyumba hiyo pamoja na watoto wawili, kisha akaulizwa kama anamjua. Hakumjua. Alikuwa mamake mzazi. Mtoto alitarajia kwamba moyo wake ungemwambia neno, lakini mwanamke yule alimtazama kwa ubaridi, naye akaufunga moyo wake.

Rowlands aliondoka St Asaph mwezi Mei 1856 akiwa na miaka 15. Katika kumbukumbu zake alidai kwamba alimpiga mwalimu Francis kwa fimbo yake mwenyewe na kutoroka kwa kuruka ukuta. Watafiti waliopekua nyaraka za nyumba hiyo, akiwemo Tim Jeal aliyetoa wasifu wake mwaka 2007, hawakuona ushahidi wa uasi huo. Inaelekea aliondoka kwa utaratibu wa kawaida, kwenda kwa jamaa zake. Hapa tunauona mwanzo wa tabia iliyomwandama maishani: pale ukweli ulipomfanya aonekane mnyonge, aliusahihisha kwa hadithi ambayo ndani yake alikuwa shujaa.

Jina jipya

Jamaa alioishi nao baada ya hapo walimpokea kama mfanyakazi zaidi ya ndugu. Hatimaye alifika Liverpool, na mwishoni mwa mwaka 1858 akapanda meli iitwayo Windermere kama mtumishi wa mabaharia. Ilipotia nanga New Orleans mwanzoni mwa mwaka 1859, aliitoroka.

Ni katika mji huo ambapo John Rowlands alianza kutoweka. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikutana na mfanyabiashara tajiri wa pamba, Henry Hope Stanley, aliyempenda, akamfanya mwanawe na kumpa jina lake. Mfanyabiashara huyo aliishi kweli, lakini Jeal alionyesha sababu nyingi za kuamini kwamba hakumlea kijana huyo, na kwamba huenda hawakuwahi kufahamiana. Jina hilo basi lilichukuliwa, halikutolewa. Kijana aliyenyimwa baba alijichagulia mmoja mwenye mali na heshima. Jina la katikati, Morton, alilipata baadaye, baada ya kujaribu mengine.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alijiunga na jeshi la Kusini na kutekwa katika mapigano ya Shiloh mwezi Aprili 1862. Aliwekwa katika kambi ya wafungwa huko Chicago, na ili atoke akakubali kuhamia jeshi la Kaskazini, ambalo lilimwachisha upesi kwa sababu ya ugonjwa. Akiwa dhaifu na mwenye nguo chakavu, alivuka bahari hadi Wales na kubisha mlangoni kwa mamake. Mama alimweleza kwamba asirudi tena ila hali yake itakapokuwa njema. Hii ilikuwa mara ya pili kwa lango la kwao kufungwa mbele yake.

Alirudi mwishoni mwa mwaka 1866, safari hii akiwa amevaa sare ya jeshi la majini la Marekani, ingawa ukweli ni kwamba alikuwa amelitoroka jeshi hilo mwaka uliotangulia. Alikwenda kuizuru nyumba ya maskini ya St Asaph na kuwakirimu watoto waliokuwamo. Katika kitabu cha wageni cha ngome ya Denbigh, aliandika jina la John Rowlands kwa mkono wake. Naona tendo hilo ni muhimu. Mtu anayetaka kuisahau nyumba ya maskini hairudii kwa hiari yake. Alitaka watu wa kwao wamwone na wamtambue, lakini wamwone akiwa amevaa vizuri.

Umaarufu na hofu ya kujulikana

Kazi ya uandishi wa habari ndiyo iliyomtoa. Akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliripoti vita vya Waingereza huko Uhabeshi mwaka 1868. Baadaye mwenye gazeti, James Gordon Bennett, alimtuma kumtafuta David Livingstone. Alifika Zanzibar mwezi Januari 1871, akaajiri wapagazi na askari, akavuka Bagamoyo, akapitia Tabora na kufika Ujiji mwezi Novemba mwaka huo. Salamu inayosemekana aliitoa pale imerudiwa duniani kote, lakini kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano huo zilichanwa, na Jeal aliona kwamba huenda maneno hayo yalitungwa baadaye. Lililo wazi ni kwamba Stanley alimwona mzee yule kama baba. Miezi waliyoishi pamoja ilikuwa ya furaha kuliko mingi aliyopata kuijua.

Aliporejea Uingereza mwaka 1872, umaarufu ulimletea hatari aliyoiogopa. Magazeti ya Wales yalidai kwamba Mmarekani huyu mashuhuri ni John Rowlands wa Denbigh. Mchapishaji wa London, John Camden Hotten, alitoa kitabu kilichofichua asili yake. Mama aliyemfukuza miaka kumi iliyopita sasa alikuwa tayari kumtambua. Stanley alikana hadharani. Alisisitiza kuwa yeye ni Mmarekani, na akaendelea kukana kwa miaka mingi. Jina aliloliandika mwenyewe kwenye kitabu cha wageni cha ngome sasa lilikuwa ushahidi dhidi yake.

Watoto wengine wasio na daftari

Msomaji wa Kiswahili anaposoma habari za Stanley hana budi kuwatazama pia watu waliokuwa kando yake, kwa maana safari zake zilikuwa safari za Waswahili. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo, vyakula na hata mashua iliyogawanywa vipande.

Mwaka 1871 huko Unyanyembe, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa Stanley mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu Mhali, jina ambalo Stanley alilifasiri kuwa na maana ya mali ya ndugu. Jina hilo halikumpendeza, akalibadilisha na kumwita Kalulu. Mtu aliyejibatiza mwenyewe akambatiza mwingine. Alimpeleka Kalulu Uingereza na Marekani, akamsomesha London, na mwaka 1873 akatoa riwaya ya vijana yenye jina lake. Kisha akarudi naye barani katika safari ya pili. Mwezi Machi 1877 mtumbwi wa Kalulu ulibebwa na maporomoko ya mto Kongo, naye akaangamia pamoja na wenzake. Stanley aliyapa maporomoko hayo jina la kijana huyo.

Mwingine alikuwa Dallington Maftaa, mtumwa aliyekombolewa na kulelewa katika shule ya wamisionari wa UMCA Zanzibar. Nyumba kama hizo za watoto waliokombolewa zilifanana na St Asaph kwa mambo mawili: ziliwapokea wasio na jamaa, na ziliwapa majina na lugha za kuanzia upya. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1875, Dallington alimsaidia kueleza habari za Biblia kwa Kiswahili, kisha akabaki katika jumba la Kabaka akiwa mwalimu na mwandishi. Historia ya Kiswahili nchini Uganda haiwezi kuandikwa bila kijana huyu.

Kinyume chao alikuwa Tippu Tip, ambaye Stanley alikutana naye mwaka 1876 na kuingia naye mkataba wa kusindikizwa kuelekea kaskazini kando ya mto. Jina kamili la Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, lenyewe ni nasaba: linamtaja yeye, babake na kabila lake. Tawasifu yake, aliyoiandika kwa Kiswahili, ilichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20 na kutolewa upya na W. H. Whiteley. Humo anamlalamikia Stanley kwa ahadi asizozitimiza. Kwa wanafunzi wa fasihi, kuzisoma tawasifu za watu hawa wawili sambamba ni zoezi lenye faida. Mmoja anaandika akiwa na hakika ya ukoo wake, na mwingine anaandika akijaribu kuuficha na kuufichua kwa wakati mmoja.

Hatuwezi kuacha kutaja ukatili. Mwezi Agosti 1875 Stanley aliwashambulia watu wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Viktoria ili kulipiza kisasi, na wengi wakauawa. Wazungu watatu aliotoka nao pwani katika safari hiyo ya 1874 hadi 1877 walifariki wote, pamoja na wapagazi wengi ambao makaburi yao hayajulikani. Kati ya mwaka 1879 na 1884 alimfanyia kazi Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akajenga vituo na barabara na kukusanya mikataba iliyosaidia kuzaa Dola Huru ya Kongo. Mateso yaliyofanywa baadaye katika dola hiyo kwa ajili ya mpira na pembe ni miongoni mwa maovu makubwa ya ukoloni. Utoto wa St Asaph unatusaidia kumwelewa Stanley, lakini hauwezi kuwa msamaha wake. Wengi walilelewa katika nyumba za maskini, wala hawakuchoma vijiji vya watu.

Uzee na kukiri

Baada ya safari yake ya mwisho, ya kumtafuta Emin Pasha kati ya mwaka 1887 na 1889, Stanley alimwoa Dorothy Tennant mwezi Julai 1890 katika kanisa la Westminster Abbey. Mwaka 1895 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1899 akatunukiwa cheo kilichompa haki ya kuitwa Sir. Mwaka 1896 yeye na mkewe, ambao hawakujaliwa mtoto, walimchukua mtoto mchanga na kumlea kama wao. Walimwita Denzil. Mtoto aliyeachwa langoni alikuwa sasa mzee anayemfungulia mwingine mlango.

Katika miaka hiyo ndipo alipoanza kuandika tawasifu yake. Katika kurasa za mwanzo aliyakiri yote aliyoyakana mwaka 1872: Denbigh, mama asiyeolewa, wajomba, kengele ya lango na fimbo ya Francis. Hakuikamilisha. Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kuzikwa Westminster Abbey kando ya Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa, akazikwa katika kijiji cha Pirbright. Dorothy aliitoa tawasifu hiyo mwaka 1909, na mume wake akawa amerejea kwao miaka mitano baada ya kifo chake.

Yaliyofuata hayakukosa kinaya. Jumba la St Asaph liligeuzwa kuwa hospitali na kupewa jina la H. M. Stanley, hospitali hiyo ilifungwa mwaka 2012. Jumba lililomlea Rowlands likaitwa kwa jina lililobuniwa ili lisijulikane. Huko Denbigh sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2011, na kufuatia mjadala kuhusu matendo yake Afrika, wakazi walipiga kura mwaka 2021 na wengi wakaamua ibaki.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kwa mtazamo wa juujuu, methali hii inamhukumu Stanley moja kwa moja. Lakini daftari la tarehe 20 Februari 1847 linatulazimu tuisome methali hiyo upya. Kwao ndiko kulikomkataa kwanza, mara ya kwanza kwa shilingi mbili na nusu, mara ya pili kwa sababu ya nguo chakavu. Kosa lake ni kwamba, baada ya kuyajua maumivu ya kufanywa si mtu, aliwafanyia wengine vivyo hivyo katika nchi ambazo watu wake hawakuwa na daftari la kuwashuhudia.

Hapo ndipo uzito wa habari hii ulipo kwa mtafiti wa Afrika Mashariki. Mtoto fukara wa Wales aliandikwa mara mbili kabla ya kutimiza miaka saba, na maneno yaliyokusudiwa kumwaibisha ndiyo yaliyomhifadhi. Ndugu Mhali hana daftari. Hatujui mwaka aliozaliwa, kijiji chake wala jina la mamake, na hata jina lake la kwanza tunalipata katika tahajia ya mtu aliyelifuta. Mahali pasipo na karatasi, kilichobaki ni vinywa vya wazee: majina ya marika, koo za kina baba na koo za kina mama, na masimulizi ya waliotekwa wasirudi. Huko Bungoma na Kitale wazee hao bado wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi wa Kiswahili mwenye kinasa sauti na subira anaweza kuwaandikia wajukuu wao daftari ambalo halikukusudiwa kumdhibiti wala kumwaibisha mtu.